Mlimau wa kwenye chungu na baridi ya Uingereza: nimwagilie lini, na kiasi gani?

Swali: Shikamoo bwana shamba. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, naishi Reading, Uingereza. Nina miti miwili kwenye vyungu vyeusi vya plastiki vya sentimita 30: mlimau wa aina ya Meyer na mdimu. Kiangazi chote ilikaa nje ikastawi, nikawa naipa lita moja na nusu kila mmoja, Jumatano na Jumamosi. Mwezi wa kumi nikaiingiza konsavatori, kile chumba cha vioo nyuma ya nyumba, ambacho hakina hita. Maji nimeendelea vilevile. Sasa ni Desemba, majani yanadondoka, mengine ya njano na mengine mabichi kabisa. Mama yangu kwa simu anasema miti ina kiu, niongeze maji. Mume wangu anasema nisiimwagilie kabisa mpaka Machi. Nimsikilize nani? Halafu Januari nakuja nyumbani wiki tatu. Nani ataimwagilia?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Usiongeze maji, na wala usiyakate mpaka Machi. Kabla hujashika tena keni ya kumwagilia, tafuta kipimajoto, hata kile cha jikoni cha kuchoma kwenye nyama kinafaa. Kesho asubuhi, kabla jua halijapiga vioo, kichomeke kwenye udongo wa chungu sentimita kumi kwenda chini, subiri dakika mbili, usome. Sitashangaa ukikuta chini ya nyuzi 8. Joto hilo la udongo ndilo la kufuata unapoamua maji. Jumatano na Jumamosi zilikufaa kiangazi kwa sababu kiangazi karibu kila siku ilifanana na mwenzake.

Jamii yote ya machungwa, yaani milimau, midimu, michenza na mibalungi, asili yake ni nchi zenye joto. Mizizi yake hupunguza kazi kadiri udongo unavyopoa, na udongo ukishuka kufikia kama nyuzi 13 mizizi hukaribia kusimama kabisa. Haioti mipya, haivuti maji ya maana, na mbolea utakayoweka itakaa hapohapo. Mti haufi kwa sababu hiyo, unalala tu. Tatizo lako ni kwamba umelala nusu. Chumba cha vioo kisicho na hita usiku hupoa karibu sawa na nje. Ikitokea siku ya jua, hata Desemba, saa sita mchana hewa ya ndani inaweza kupanda kupita nyuzi 20 kwa muda wa saa moja au mbili. Majani yanapata joto na mwanga, yanafungua vitundu vyake na kuanza kupoteza maji hewani. Udongo wa lita 15 haupati joto kwa haraka hiyo, hasa chungu kikiwa kimekaa juu ya sakafu ya vigae. Majani yanadai maji, mizizi iliyolala haiwezi kuyapandisha. Mti unaokoa maisha kwa kuangusha majani, tena huangusha hata yaliyo mabichi, kwa sababu shida yake haina uhusiano na uzee wa jani.

Kwa hiyo mama yako ameona sawasawa: hayo ni majani ya mti wenye kiu. Ila ni kiu ya mti uliosimama kwenye maji. Muheza mchungwa uko ardhini, mizizi imetambaa mita kadhaa kila upande, udongo una joto mwaka mzima, na maji yakizidi yanazama yakaenda zake. Majani yakijikunja Januari au Februari, kabla masika hayajafika, ukaumwagia ndoo mbili jioni, asubuhi unaukuta umenyooka. Huo ndio uzoefu anaokupa, na kwa Muheza ni uzoefu wa kuaminika. Kwenye chungu chenye udongo wa nyuzi 7 maji hayo hayanywewi. Yanakaa, yanafukuza hewa, na mizizi isiyopata hewa inaanza kuoza. Mume wako naye ana nusu ya ukweli: mti uliolala hunywa kidogo sana. Lakini kidogo sana si sifuri. Mlimau haupukutishi majani yote ukawa kama miti ya barabarani hapo Reading, unabaki na majani, na kila jani linavuja maji hata kwenye baridi, kidogokidogo. Kuuacha mpaka Machi ni kuua mizizi midogo kwa ukavu badala ya kuiua kwa maji.

Huko Ulaya jambo hili wamelijua kwa karne nyingi. Kwenye kasri la Versailles, Ufaransa, kuna jengo zima la kulaza michungwa, lililojengwa kati ya 1684 na 1686 kwa usanifu wa Jules Hardouin-Mansart. Ukumbi wake mkuu una urefu unaozidi mita 150, kuta ni nene za mawe. Mpaka leo miti iliyo kwenye masanduku ya mbao huingizwa humo Oktoba na kutolewa Mei. Humo ndani ni baridi, lakini baridi iliyotulia. Hakuna mchana wa nyuzi 22 na usiku wa nyuzi 3. Majani na mizizi hulala pamoja na kuamka pamoja, na mtunzaji anayepita na maji hana kazi kubwa.

Ukilielewa hilo utaona njia salama ziko mbili. Ama mti ukae baridi, mwanga wa wastani, maji ya kuhesabu. Ama ukae kwenye joto, mwanga mwingi iwezekanavyo, na maji ya kawaida. Konsavatori yako imechukua mwanga wa njia ya pili na udongo wa njia ya kwanza, na hapo ndipo milimau mingi ya vyungu hupotelea.

Ushauri wangu ni kuitenganisha miti hiyo miwili leo hii. Watu huiweka pamoja kwa kuwa ni ndugu, lakini uvumilivu wao haulingani. Mdimu ndio mwororo kuliko karibu jamaa zake wote, kwani nyuzi moja au mbili chini ya sifuri zinatosha kuunguza majani na matawi. Meyer ni mgumu zaidi. Mti mkubwa ulio ardhini umeonekana kuvumilia hata nyuzi kama 5 chini ya sifuri kwa muda mfupi, ingawa wa kwenye chungu usiujaribu hivyo, maana mizizi ni dhaifu kuliko matawi na kwenye chungu haina ardhi ya kuifunika. Na Meyer hauogopi chungu. Frank Meyer, Mholanzi aliyehamia Marekani na kutumwa na Wizara ya Kilimo ya huko kutafuta mimea, aliuchukua China mwaka 1908, na kule Wachina walikuwa wakiupanda kwenye vyungu kama pambo la nyumba.

Basi Meyer ubaki konsavatori, kwa masharti. Uinue kutoka sakafuni, juu ya vipande viwili vya mbao au ubao wa povu gumu. Kizungushie chungu ile plastiki ya mapovu ya kufungia vyombo, au gunia, kuanzia mdomoni mpaka chini, ila mashimo ya kutolea maji yabaki wazi. Usogeze upande ambao jua la mchana haliugongi moja kwa moja, au tundika pazia jepesi jeupe kwenye kioo cha kusini. Unachotafuta ni majani yasichangamke kuliko mizizi. Siku ya jua kali fungua dirisha dogo la juu kwa saa moja. Usiku wakitabiri sakitu, kile kibarafu cheupe kinacholala juu ya nyasi alfajiri, funika majani kwa shuka kuukuu au uuingize jikoni mpaka kupambazuke. Sakitu ikija, udongo wenye unyevu kiasi unatunza joto kuliko uliokauka kabisa, kwa hiyo usifike usiku huo na chungu kikavu kama vumbi.

Mdimu uingize ndani ya nyumba, dirisha lenye jua kuliko yote, mbali na redieta, ile hita ya ukutani. Desemba hapo kwenu jua linachomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo hata dirisha zuri ni mwanga wa kubania. Taa ya kukuzia mimea ikiwepo itasaidia, isipokuwepo utaishi.

Sasa maji yenyewe. Swali la kwanza kila mara ni: chungu kina maji kiasi gani sasa hivi? Uso wa udongo usikudanganye. Juu panaweza kukauka huku chini ni tope, na kwenye chumba baridi panaweza kubaki na unyevu wiki nzima bila maana yoyote. Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kijiti cha mishikaki. Kichomeke mpaka karibu na chini, kiache dakika kumi, kichomoe. Kikitoka na udongo umeganda na rangi imekoza, rudi jikoni ukapike mambo mengine. Kikitoka kikavu nusu ya juu na unyevu hafifu ncha ya chini, siku ya maji imekaribia. Kikitoka kikavu chote, umechelewa kidogo. Vile vipimo vya bei rahisi vyenye mshale na ncha ya chuma sivipendi. Vinapima jinsi umeme unavyopita udongoni, na udongo wenye chumvi nyingi za mbolea unaweza kukuonyesha "mbichi" wakati mti umekauka.

Njia ya pili ni bora zaidi, nayo ni mzani wa bafuni. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, acha yachuruzike saa nzima, pima chungu na mti wake. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa chungu. Tuseme ni kilo 14. Endelea kupima mpaka siku kijiti kinapotoka kikavu nusu. Tuseme ni kilo 11 na nusu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chungu chako kina lita mbili na nusu za kuchezea kati ya kushiba na kuhitaji. Ukiwa na namba hizo mbili hubahatishi tena. Utakachokiona kwenye konsavatori kitakushangaza: wiki nzima mzani unaweza kushuka gramu mia mbili au mia tatu tu. Wewe ulikuwa unatia lita tatu kila wiki.

Kwa Meyer uliolala kwenye baridi, udongo ukiwa chini ya nyuzi 10, mimi siushibishi. Wengi wanafundisha kumwagilia mpaka maji yatoke chini kila mara, na kiangazi nakubaliana nao bila ubishi. Lakini kwenye udongo baridi, kuujaza ni kuufungia maji ambayo hayataondoka kwa wiki tatu nne. Mpe nusu lita, izungushe polepole kuufuata mdomo wa chungu, usimwage shinani. Pima, subiri. Mara nyingi itakuwa baada ya wiki mbili mpaka nne, lakini mwenye uamuzi ni mzani. Udongo ukipanda kupita 13 na kubaki hapo, mti umeanza kuamka, nawe utaona mwenyewe uzito unavyoshuka haraka.

Mdimu ulio sebuleni kwenye nyuzi 18 au 20 ni habari nyingine. Mizizi inafanya kazi, hewa ya nyumba yenye hita ni kavu, kwa hiyo unakunywa. Huo mwagilie mpaka maji yatoke mashimoni, nusu saa baadaye mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, kisha usiuguse mpaka kijiti kikauke nusu ya juu. Pengine siku 7, pengine 12. Tabia ya kuupa kikombe kimoja kila siku kwa huruma iache. Inalowesha juu tu, chini mizizi inakauka, na chumvi za mbolea zinajikusanya bila kusukumwa nje. Kuunyunyizia majani maji kwa chupa hakubadilishi ukavu wa hewa kwa zaidi ya dakika chache. Afadhali uyaoshe majani bafuni mara moja kila wiki mbili, upande wa chini hasa, maana hewa kavu ya hita ndiyo inayowaleta utitiri wekundu. Ukiona vidoa vidogo vya njano kama jani limechomwa sindano, na utando mwembamba chini yake, ni wao.

Maji ya aina gani? Reading ni nchi ya chokaa, na maji ya bomba ni magumu. Bila shaka birika lako linakuthibitishia kila siku. Mlimau unapenda udongo wenye uchachu kidogo, na chokaa ikijijenga mti unashindwa kupata madini ya chuma: jani jipya linakuwa la njano huku mishipa yake imebaki kijani. Weka pipa chini ya mfereji wa paa, maji ya mvua ndiyo mazuri kuliko yote, na kwa bahati nchi hiyo haijawahi kunyima mtu mvua. Yakikosekana, chemsha ya bomba, yaache yapoe, umimine ya juu na kuacha utando wa chokaa chini. Yanapungua ugumu kiasi. Yale yanayopita kwenye mtambo wa kulainisha unaotumia chumvi usiyatumie hata mara moja, kwani jamii ya machungwa ni dhaifu sana mbele ya sodiamu. Na joto la maji ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Maji ya bomba wakati wa baridi hutoka baridi kweli, na ukiyamwaga hivyohivyo kwenye mizizi inayojikongoja umeirudisha usingizini. Yaache jikoni usiku kucha kwenye ndoo, mwagilia asubuhi, saa nne hivi, ili mti uwe na mchana wote wa kuyashughulikia.

Turudi kwenye chungu kilicholowa sasa hivi, maana hapo ndipo pa dharura. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe mpaka ishibe, ishike ikiwa imelala bapa. Itachuruzika, kisha itaacha. Sasa isimamishe wima kwa upande wake mrefu: maji yatatoka tena, ingawa hukuikamua. Udongo wa chungu una tabia hiyohiyo. Chini kabisa hubaki tabaka la maji lisilodondoka, na kimo cha tabaka hilo kinategemea udongo, si chungu. Ndiyo maana kokoto ambazo watu huweka chini "zisaidie kuchuja" hazisaidii. Zinalipandisha tu tabaka la maji karibu na mizizi. Ndiyo maana pia unaweza kulipunguza kwa kukiinamisha chungu. Kiegemeze kwenye tofali upande mmoja, kiinamie kama nyuzi 45, tundu moja la kutolea maji liwe ndiyo sehemu ya chini kabisa, ukiache usiku mmoja. Utashangaa maji yatakayotoka kwenye chungu ulichodhani kimeshachuruzika. Ukitaka zaidi, sukumiza ukanda wa kitambaa cha pamba kwenye tundu la chini, ncha moja iguse udongo, nyingine ining'inie sentimita ishirini. Kitavuta maji mpaka kiridhike. Au kikalishe juu ya taulo kuukuu lililokunjwa, ulibadilishe likilowa.

Kisha itazame mizizi. Najua wengi wanaogopa kuutoa mti kwenye chungu wakati wa baridi, lakini kuchungulia hakuui. Mtu akushikie shina, gonga mdomo wa chungu, uteleze mti nje na udongo wake wote kwa mara moja. Mizizi mizima ni ya rangi ya maziwa au hudhurungi nyepesi, migumu kidoleni. Iliyooza imekuwa kahawia nzito au nyeusi, na ukiubana mmoja na kuuvuta taratibu, ganda linavuka kama soksi linabaki mkononi, katikati umebaki uzi. Hiyo ni kazi ya vimelea vya fitofthora, vinavyosafiri kwa kuogelea ndani ya udongo uliojaa maji. Maji yakipungua, havina njia. Ukikuta mizizi michache imeharibika, rudisha mti chunguni, uufanyie yale ya kuinamisha, usimwagilie mpaka mzani uruhusu. Ukikuta nusu imekwenda, hapo usingoje Machi. Kata iliyooza kwa mkasi safi, punguza matawi kwa kadiri ya mizizi iliyobaki, hamishia chungu kidogo zaidi chenye mchanganyiko wa vipande vya magome ya msonobari, perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) na mboji kidogo, kisha uuweke penye joto la nyuzi 18 na mwanga wa kivuli. Mkeka wa umeme wa kupasha miche, ulio na kidhibiti joto, ukiwa chini ya chungu hapo una thamani kuliko dawa yoyote ya dukani.

Majani utaendelea kuyaona yakidondoka wiki mbili tatu hata ukifanya kila kitu sawa, kwa sababu yanayodondoka leo yaliamuliwa siku zilizopita. Hapa ndipo watu hukosea kwa mara ya pili: mti ukibaki nusu uchi wanauongezea maji ili kuufariji. Jani ndilo linalokunywa. Mti uliopoteza nusu ya majani unahitaji takriban nusu ya maji, na ulio mtupu kabisa hauhitaji karibu chochote. Kwangua gome la tawi dogo kwa ukucha. Chini pakiwa kijani, tawi liko hai. Yaliyokauka usiyakate bado, ngoja machipukizi ya Machi au Aprili yakuonyeshe uhai umeishia wapi.

Na mbolea pia iache kwa Meyer mpaka udongo upite nyuzi 13. Najua madukani huko kuna chupa za mbolea ya machungwa zilizoandikwa za majira ya baridi. Zinamfaa mwenye chumba chenye joto na mwanga. Kwenye udongo baridi hazinyonywi, zinaongeza chumvi tu. Mdimu wa sebuleni ukiwa unachipua, mpe nusu ya kipimo mara moja kwa mwezi, basi.

Wasomaji wa Njombe na Makete wataniuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu kwa sura nyingine. Baridi yenu ya Juni mpaka Agosti huja na kiangazi na jua kali la mchana: usiku udongo wa chungu umepoa vibaya, mchana majani yanachomwa, na hakuna mvua. Nyinyi hatari ya kukausha ni kubwa kuliko ya Reading. Sogezeni vyungu karibu na ukuta unaopata jua la asubuhi na la mchana ili upashe chungu, mwagilieni saa nne udongo ukishaanza kupata joto, na msimwagilie jioni, maana maji hayo yatalala baridi na mizizi.

Sasa safari yako. Wiki tatu si kitu kwa Meyer aliyelala. Siku nne kabla ya kuondoka upime, umpe maji ya kumfikisha katikati ya zile namba zako mbili za mzani, siyo kushiba. Hakikisha pazia limefunga jua na chungu kimevikwa, basi, ufunge mlango. Kama utaacha hita ya nyumba chini sana kwa ajili ya gharama, mdimu nao utapunguza kunywa. Ukiiweka nyuzi 12 hivi na mdimu ukarudishwa hatua mbili tatu kutoka dirishani, maji ya kushiba siku ya kuondoka yanaweza kuuvusha. Kama lazima jirani aingie, usimwambie tu "nisaidie kumwagilia." Jirani mwema ndiye anayezamisha miti ya watu. Mwachie chupa moja ya lita iliyojazwa maji ya mvua, iandike tarehe, mwambie amwage yote kwenye mdimu siku hiyo moja, na chungu cha konsavatori asikiguse. Ukirudi, uanze na mzani kabla hujafungua mabegi.